Maharage ya Mtu Mmoja

Ukilisikia jina la Mzee Pipa kabla hujamwona mwenyewe, utamtafuta mtu wa tumbo kubwa anayepanda ngazi kwa kuhema, na utampita mlangoni mara tatu. Mwenyewe ni mwembamba, shingo ndefu, suruali imeshikwa na mkanda ulioongezwa matundu kwa msumari. Jina lile hakulipata kwa umbo lake. Walimpa wanafunzi wa chuo cha ualimu alikopika kwa miaka thelathini na mbili, kwa sababu ya masufuria yake, ambayo kila moja lingeweza kumficha mtu mzima aliyechuchumaa. Mmoja alijificha humo kweli, siku ya mtihani wa hesabu, lakini mhusika siku hizi ni mwalimu mkuu mahali fulani, kwa hiyo tumsitiri.

Aliwapikia watu mia sita. Siku nne kwa juma ilikuwa maharage, kilo sitini kwa mpigo, yaliyolowekwa jioni na kumwagwa maji asubuhi ili yasiwasumbue watoto wa watu matumboni darasani. Alikoroga kwa mwiko uliomfika kifuani. Alijua kwa kusikiliza tu kama sufuria linachemka sawasawa au limeanza kushika chini. Chakula kilipokuwa tayari kiligawiwa kupitia kidirisha, na kutoka upande wake wa ukuta Mzee Pipa aliona mikono na sahani, basi. Sura za walaji hakuziona. Habari za upishi wake alizipata kwenye sahani zilizorudi kuoshwa. Zikirudi tupu, alishukuru. Zikirudi na mabaki, alijua kuna jambo limekwenda mrama.

Na ukiwapikia watu mia sita humpikii yeyote. Hilo alilijua mapema. Ukizidisha pilipili, wenye vidonda vya tumbo watalalamika. Ukiiacha kabisa, wengine watakuuliza kama umewaletea dawa ya meno. Basi alitia chumvi ya katikati, viungo vya katikati, mafuta ya kutosha kuficha makosa, na akaona fahari kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna aliyegoma kwa sababu ya chakula. Walipogoma, waligoma kwa mambo mengine.

Nyumbani hakuwahi kupika hata siku moja. Si kwamba alikatazwa. Alirudi jioni ananuka moshi mpaka kwenye nyusi, akavua viatu mlangoni, na kitu cha mwisho alichotaka kukitazama ni sufuria. Mkewe alikuwa fundi cherehani, aliyeshona sare za shule na magauni katika chumba cha mbele, na yeye ndiye aliyepika, kwa mkono mzuri usioogopa mafuta. Majirani walijua wanachojua, yaani kwamba mke wa mpishi anakula vinono vya chuo. Walikosea. Mzee Pipa hakuwahi kutoka na punje ya chuo mfukoni. Cha wanafunzi kilikuwa cha wanafunzi, na kwa hilo hakuambilika. Hivyo mwanamke yule aliolewa na mpishi, akamzalia binti, akazeeka naye, bila kuonja mkono wake. Mimi naliona jambo la ajabu. Wao wenyewe hawakuliona, nadhani kwa sababu walikuwa na kazi nyingi.

Mwaka mmoja baada ya mzee kustaafu, mama, yaani yule mkewe, aliugua. Maumivu yalimshika chini ya mbavu, yakaenda mpaka mgongoni, akakunjika juu ya cherehani. Hospitali wakakuta mfuko wa nyongo umejaa vijiwe, wakautoa. Upasuaji ulikwenda salama. Daktari, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, aliwaambia kwamba kwa hali ya mama, mafuta yawe kijiko kimoja cha chai kwa siku, si zaidi, mpaka atakapowaambia vinginevyo. Maharage anaweza kula, kidogo kidogo, yakiwa laini.

Binti yao, karani wa posta, alichukua likizo akaja kumtunza mama yake, na kitanda cha mgonjwa wakakihamishia chumba cha mbele, karibu na cherehani. Alipika kwa kufuata maagizo neno kwa neno. Alichemsha viazi, akachemsha karoti, akachemsha kuku mpaka kuku wa watu akapoteza kila alichowahi kuwa nacho. Mama alikula vijiko viwili, akaweka kijiko chini na kusema, asante mwanangu, nimeshiba. Kesho yake hivyo hivyo.

Hiyo asante ndiyo iliyomtisha Mzee Pipa. Mkewe hakuwa mtu wa asante mezani. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumrudishia mwokaji mkate kwa sababu upande mmoja ulikuwa mfupi, na kumfundisha muuza samaki kazi yake mbele ya wateja. Sasa analetewa karoti zisizo na rangi naye anashukuru. Mzee alimtazama, akaona uso umepungua na vidole vimebaki mifupa.

Waliporudi kliniki, mama alikuwa na kilo hamsini na moja. Kabla ya ugonjwa alikuwa na hamsini na nane. Daktari hakuzungukazunguka. Alisema atampima tena baada ya siku kumi, na akikuta ameshuka chini ya hapo hata kidogo, atamrudisha wodini alishwe kwa mpira. Walipofika nyumbani mama aliketi kitandani na viatu vyake, akamwambia mumewe kwamba kwenye kile kitanda cha wodi harudi, kwa kuwa mwanamke wa kitanda cha pili, waliyekuwa wakipiga soga naye, alitoka pale amefunikwa shuka. Alisema hivyo kwa utulivu, na jioni ile akala vijiko viwili.

Likizo ya binti iliishia siku hiyo hiyo. Kabla ya kuondoka alibandika maagizo ya daktari ukutani, juu ya cherehani, kisha akamvuta baba yake pembeni.

"Baba, wewe ni mpishi," alimwambia. "Mpikie mama."

Mzee Pipa aliitikia kwamba amesikia. Hakumwambia kwamba anaogopa. Alibaki na mke mgonjwa, jiko la mafuta ya taa na siku kumi.

Siku ya kwanza alikwenda sokoni kununua maharage machache tu. Kwake yeye kilo tano zilikuwa machache tu. Muuzaji alimuuliza kwa adabu kama kuna msiba au harusi. Kufika nyumbani, masufuria ya mkewe aliyaona vitu vya watoto kuchezea, akaenda kuazima la maana kwa mtu anayekodisha vyombo vya sherehe, akawasha kuni uani, akakunja mikono ya shati. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ila alipofika kwenye kitunguu, mkono wake wa kulia ulichukua chupa ya mafuta ukamimina. Hakuuamuru. Mkono ule ulikuwa na miaka thelathini na mbili ya kazi, haukusubiri kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani. Alishtuka mafuta yameshaenea sufuria zima na kitunguu kinaimba humo.

Harufu iliingia dirishani. Mama, ambaye tumbo lake lilikuwa halijasahau, aligeukia ukutani akajifunika khanga mpaka puani. Chakula kikabaki cha majirani, na majirani hawakulaza damu. Sonara wa nyumba ya pili alikuja na bakuli, akarudi na bakuli kubwa zaidi, mara ya tatu akaja na ndoo ndogo yenye kifuniko, akisema ni ya shemeji yake. Mtaa mzima ulimsifu Mzee Pipa kwa siku mbili. Zile sifa zilimchoma, maana aliyepikiwa hakuonja.

Basi akaamua kutumia akili. Alichukua penseli na bahasha kuukuu, akaandika kila kilichoingia katika sufuria la watu mia sita, naye akihitaji la watu wawili. Alichopaswa kufanya, kwa hesabu zake, ni kugawanya kila kitu kwa mia tatu. Maharage yakawa gramu mia mbili. Kitunguu, gramu arobaini, kama nusu. Binzari nyembamba, ambayo chuoni aliitia robo kilo, haikufika hata gramu moja. Atapima wapi kitu kama hicho? Akaenda kwa sonara, ambaye kwa sababu ya ile ndoo hakuwa na uso wa kukataa, na mbele ya mteja aliyeleta pete yake ya ndoa, binzari ya Mzee Pipa ikapimwa kwenye mizani ya dhahabu. Aliondoka na vumbi ndani ya kikaratasi kilichokunjwa mara nne.

Maji pia aliyagawanya kwa mia tatu, yakawa kikombe na kitu. Muda tu ndio hakuugawanya, kwa kuwa alijua maharage yanataka saa mbili na nusu, na akakaa pembeni kuzisubiri. Hapa nisiseme mengi. Sufuria kubwa maji yake hayakauki upesi, na sufuria dogo si sufuria kubwa lililopungua. Mtu yeyote aliyepikia familia ya watu wanne anajua, ila huyu hakuwahi kuipikia familia. Aliyekuwa hodari wa kusikiliza sufuria zima la chuo hakusikia lile dogo likiungua. Chini yalikuwa makaa, juu mawe. Akaokoa ya katikati, akaongeza maji, akachemsha tena, akatia lile vumbi la sonara. Alipoonja, yalikuwa maji ambayo maharage yamepitia tu.

Alimpelekea hivyo hivyo, kwa kuwa hakuwa na kingine. Mama alikula vijiko vitatu.

"Asante," alisema. "Nimeshiba."

Mzee Pipa alitoka uani na sufuria lililoungua, akageuza ndoo, akaikalia, akaanza kusugua. Alisugua huku analia. Silifichi hilo kwa sababu yeye mwenyewe halifichi. Alikuwa amelisha walimu wa nusu ya shule za nchi, na mtu mmoja, wa kwake, alikuwa anamfia kwa njaa chumba cha mbele. Siku nne zilikuwa zimeshakwenda. Asubuhi ile alimwona mama akichukua futi yake ya kushonea, akaizungusha kiunoni, akaitazama, akaiviringisha tena bila kusema ilichosema. Kisha akabana gauni kwa pini pande zote mbili.

Kusugua kulichukua muda mrefu mno. Hatimaye sauti ikamwita kutoka ndani, akaenda na mikono yake myeusi kwa masizi.

"Baba watoto, unasugua nini saa nzima?"

Alimweleza. Alikuwa amechoka kujikaza, kwa hiyo alieleza yote, bahasha, mizani ya dhahabu na pete ya yule mteja. Mama alisikiliza amefumba macho. Mzee alipofika kwenye hesabu, mama alimwambia arudie hapo.

"Uligawanya kwa ngapi?"

"Kwa mia tatu."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Mzee alidhani ni maumivu, akakimbilia kumshika, kumbe anacheka, kiganja amekibana ubavuni.

"Usinichekeshe, mishono itafumuka," alisema, na ikamchukua muda kupata pumzi. "Mtu akija na koti la mumewe, anataka nimshonee mtoto kama lile, siligawanyi koti kwa mia tatu. Namwita mtoto, nampima."

"Sasa wewe nikupime wapi?"

"Niulize."

Mzee Pipa alivuta kigoda akaketi. Akafungua mdomo kuuliza, na hapo ndipo alipogundua kwamba hajui pa kuanzia. Alijua mkewe anapenda uzi wa rangi gani na kituo gani cha redio. Alijua analala ubavu upi. Chakula anachokipenda hakukijua, maana tangu waoane, kilichokuwa mezani kilikuwa anachokipenda yeye.

"Unapenda nini?" aliuliza, kwa aibu ya mtu aliyechelewa.

Mama alivuta mto akauegemea.

"Uchachu," alisema. "Napenda chakula kichachu, ndimu iingie mpaka nifinye jicho. Sikuwa natia kwa sababu wewe kinakuchoma kifuani."

Hakuwa amesema kwa kulaumu, na ndiyo sababu maneno yale yalimkata maini. Miaka yote ya ndoa bila ndimu. Akaomba amwambie mengine. Mama akasema anapenda tangawizi, na binzari iliyokaangwa kavu, isikiwe kweli, siyo ya kubahatisha. Maharage yanayoogelea majini hayapendi. Anataka mchuzi wake uwe mzito, ushike kijiko. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia binti yake wala daktari. Anaogopa. Kila kijiko akikimeza anakisikiliza kinavyoshuka, anasubiri yale maumivu, na hajui nani katia nini jikoni. Na chakula chenyewe hakina ladha ya kumfanya mtu aone hofu ile inafaa kitu.

Mzee alifikiri. Alisimama, akakusanya mapande ya vitambaa, mkasi na chaki kutoka kwenye meza ya kukatia, akatandaza magazeti, akalihamishia jiko la mafuta ya taa juu yake, mita mbili kutoka kitandani, dirisha wazi.

"Nitapikia hapa," alisema. "Unione mikono."

Jioni akaloweka maharage vikombe viwili. Asubuhi alimwaga maji, akatia mengine mpaka yakapanda juu ya maharage kwa kina cha kidole kizima, akayachemsha ndani ya sufuria la uji, na safari hii hakukaa mbali. Kila yalipopungua aliongeza maji ya moto, mpaka punje aliyoiminya kati ya vidole viwili ikasagika bila ubishi. Aliipua akaweka pembeni na supu yake.

Kisha akaweka kikaango kikavu motoni, akatia binzari nyembamba na mbegu za giligilani, kijiko kijiko, kwa macho, siyo kwa mizani ya mtu. Alikitikisa kikaango mpaka zikaanza kuruka na harufu ikajaa chumba, akazitwanga zingali moto. Mama alijiinua kwenye mto kidogo. Mzee alimwona lakini akajitia hamnazo, asije akamtia haya.

Kitunguu alikikata, na hapo ndipo kazi ilipopata msimamizi.

"Hivyo vipande ni vya wanafunzi," mama alisema. "Kata vidogo."

Akakata vidogo. Akavitia kikaangoni bila mafuta, na chumvi kiasi cha kubana kwa vidole, moto wa chini. Vilipoanza kushika alinyunyiza kijiko cha maji, akakwangua; vikashika tena, akanyunyiza tena. Hii ilikuwa mbinu ya chuoni, ya siku zile ambazo mafuta yaliisha kabla mwezi haujaisha, naye aliitumia kwa fedheha, akiomba mkuu wa chuo asipite jikoni. Kwa watu mia sita haikuwahi kutoka vizuri. Kwa kitunguu kimoja, kwa mtu mwenye subira, kililainika, kikaingia rangi ya kahawia, kikawa kitamu bila msaada wa chupa. Akafuatisha kitunguu swaumu, tangawizi nyingi iliyokunwa, manjano kidogo, nyanya mbili. Nyanya zilipokuwa zimelainika kabisa, alichukua kijiko cha chai, akakijaza mafuta, akakiinua mbele ya mkewe kama shahidi mahakamani.

"Ni hiki tu."

Mama alikitazama, akaitikia kwa kichwa. Mafuta yakaingia. Chupa akaiweka dirishani, mahali anapoiona.

Maharage yakafuata, na supu, na ile binzari iliyotwangwa. Upawa mmoja aliuponda kwa mwiko ubavuni mwa sufuria mpaka mchuzi ukawa mzito. Baada ya kuipua, akakamua ndimu. Akamtazama mkewe. Mama akaashiria bado. Akakamua nusu ya pili, na kifua chake mwenyewe kikaanza kuungua kwa kuona tu. Majani ya giligilani yakamalizia.

Alimpa bakuli, akaketi mbele yake. Hakuwa amewahi kufanya hivyo maishani. Mtu aliyepika kwa miaka ile yote hakuwahi kumwona mtu akila chakula chake, sura kwa sura, na sasa hakujua aweke wapi mikono. Mama alichukua kijiko cha kwanza. Alifumba macho, jicho moja likafinyika. Alimeza, akaweka kiganja ubavuni, akasubiri. Mzee naye akasubiri. Ilipita dakika nzima. Mama akatoa kiganja ubavuni, akachukua kijiko cha pili. Baada ya cha tano hakusubiri tena. Mzee alihesabu mpaka kumi na moja, kisha hesabu ikampotea kwa sababu ya machozi yake mwenyewe.

Bakuli lilipofika nusu, mama aliinua uso, na ule uso ulikuwa umekasirika.

"Miaka thelathini na mbili," alisema. "Watoto wa watu wanakula mkono wako, mimi nimekaa hapa nashona."

Mzee Pipa angeweza kusema alikuwa anachoka, na ilikuwa kweli, lakini hata mkewe alikuwa anachoka, na bado alipika kila jioni.

"Nisamehe," alisema.

"Subiri nimalize kula."

Akamaliza. Kama alimsamehe kwa maneno sijui, ila aliomba mkate wa kufutia bakuli.

Zilibaki siku tano. Si zote zilikwenda vizuri. Siku moja ndimu ilizidi hata kwa mama, siku nyingine alitwanga pilipili manga bila kipimo na wote wawili wakapiga chafya mpaka cherehani ikatetemeka. Lakini zile asante zilikoma. Mama alirudia kusema vitu vyake: chumvi imelala, tangawizi umeikuna kwa uvivu, leo nyanya hazikuiva, nani alikuuzia hizi, nipeleke mimi sokoni nikamwone. Mzee alipokea kila kemeo kwa furaha isiyofaa kwa mtu anayekemewa. Alikula naye bakuli kwa bakuli, uchachu na yote, kisha akatafuna vidonge vyake vya kiungulia uani. Futi ilipita kiunoni mwa mama kila asubuhi. Mzee alitamani kuuliza inasemaje, akaogopa.

Siku ya kumi alimwamsha mapema, akamnywesha maji bilauri tatu, akamvisha koti zito la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka, na kama si mama kumkagua, angetia mkasi wa chuma mfukoni. Kliniki, muuguzi aliwaangalia wote wawili, akasema koti livuliwe na viatu pia. Ujanja wote ukaishia hapo. Mzee Pipa alisimama pale na koti mkononi na jozi ya ndala za mkewe kifuani, asiweze kutazama mizani, akamtazama muuguzi.

Muuguzi alisogeza kipimo cha mizani, akakirudisha, akakisogeza tena taratibu. Akasoma kwa sauti ili daktari aandike. Kilo hamsini na moja na nusu.

Nusu kilo. Kwa mpishi aliyezoea magunia, nusu kilo ni kitu kinachobaki kwenye mshono wa gunia likishakung'utwa. Mzee alimwomba muuguzi arudie, naye akarudia. Daktari alipandisha miwani yake ya plasta, akasema sioni sababu ya kitanda, nendeni nyumbani, endeleeni na hicho hicho mnachokula, mje baada ya mwezi. Alikuwa ameshaita jina la mgonjwa anayefuata.

Nje, kwenye benchi la korido, Mzee Pipa alipiga magoti kumvisha mkewe ndala. Ndala ya kushoto aliipeleka mguu wa kulia. Alikuwa amejiandalia maneno ya kumwambia siku hii, mazuri, aliyapanga tangu juzi, na hakuna hata moja lililokuja. Aliendelea kuinama tu pale chini, kichwa karibu na magoti ya mkewe, watu wanapita.

Mama alimwekea mkono kichwani.

"Inuka twende," alisema. "Nina njaa."